Jinsi ya Kutazama na Kuchambua Sehemu Moja ya Tamthilia ya Majasusi na Mashujaa: Mfano wa "Turn, Turn, Turn"

Hadithi ya mashujaa wenye nguvu za ajabu inapochanganywa na hadithi ya ujasusi, watazamaji wengi huitazama kwa jicho la ushujaa peke yake. Husubiri mapigano, hufurahia milipuko, na sehemu ikimalizika bila mtu kuinua gari kwa mikono mitupu, husema kwamba wiki hiyo hapakutokea jambo la maana. Mwongozo huu unashikilia msimamo mwingine. Katika tamthilia za aina hii, silaha inayoangamiza kuliko zote ni habari: nani anajua nini, amekijua lini, amemwambia nani, na amemficha nani. Ukijifunza kuifuatilia habari hiyo inavyotoka kwa mhusika mmoja kwenda kwa mwingine, utaiona sehemu moja ya tamthilia kwa undani ambao mapigano pekee hayawezi kukupa, na utakuwa na jambo la kweli la kuandika juu yake.

Mfano nitakaoutumia ni sehemu ya 17 ya msimu wa kwanza wa Marvel's Agents of S.H.I.E.L.D., tamthilia inayohusu shirika la kijasusi liitwalo S.H.I.E.L.D., sehemu iitwayo "Turn, Turn, Turn", iliyorushwa na kituo cha ABC nchini Marekani tarehe 8 Aprili 2014. Nimeichagua kwa sababu hakuna sehemu nyingine katika tamthilia hiyo inayoonyesha waziwazi zaidi jinsi majasusi wanavyoweza kuuana kwa sababu tu kila upande una nusu ya ukweli. Haiwezekani kuifundisha bila kufichua mwisho wake, kwa hiyo ambaye hajaitazama na anataka kushtuka kama walivyoshtuka watazamaji wa kwanza, aitazame kwanza kisha arudi kusoma.

Maandalizi kabla ya kutazama

Tamthilia hii ilianza tarehe 24 Septemba 2013 na kumalizika tarehe 12 Agosti 2020, baada ya misimu 7 na sehemu 136. Huhitaji kuzitazama zote ili uchambue moja. Unachohitaji ni kujua mambo ambayo wahusika wenyewe wanayajua sehemu inapoanza, na hayo unaweza kuyapata kwa kutazama sehemu chache zinazotangulia, hasa zile ambazo kisa cha sasa kinaziendeleza moja kwa moja.

Kwa mfano wetu, mambo ya lazima ni haya. Phil Coulson, anayeigizwa na Clark Gregg, aliuawa na Loki, adui wa mashujaa, katika filamu ya The Avengers ya mwaka 2012, kisha akarudishwa kwenye uhai kwa njia ambayo yeye mwenyewe alifichwa. Anaongoza kikosi kidogo kinachosafiri kwa ndege kubwa wanayoiita Basi: Melinda May, rubani na mpiganaji, Grant Ward, kachero wa kazi za hatari, Skye, mdukuzi wa kompyuta, na wanasayansi wawili, Leo Fitz na Jemma Simmons. Kwa muda mrefu wamekuwa wakimsaka adui asiyeonekana, ambaye kila mtu anamwita Mwaguzi kwa sababu anajua mambo ambayo binadamu wa kawaida hangeweza kuyajua. Katika sehemu ya 16 wanadhani wamempata, mtu mlemavu asiyeweza kusema kwa kinywa chake, na Ward anampiga risasi na kumuua kabla hajahojiwa.

Halafu kuna filamu. Sehemu ya 16 ilirushwa tarehe 1 Aprili 2014. Siku tatu baadaye, tarehe 4 Aprili, Captain America: The Winter Soldier iliingia katika majumba ya sinema ya Marekani, na ndani yake ikafichuliwa kwamba Hydra, shirika lililotokana na utawala wa Wanazi, lilikuwa limejipenyeza ndani ya S.H.I.E.L.D. tangu miaka ya mwanzo ya shirika hilo. Siku nne baada ya hapo ndipo ikaja "Turn, Turn, Turn". Ufuate mpangilio huohuo: sehemu ya 16, kisha filamu, kisha sehemu ya 17. Ukiiacha filamu utaelewa kisa, lakini utakosa jambo moja ambalo ni uti wa mgongo wa uchambuzi wote, nami nitalieleza hapo chini.

Mara ya kwanza usiandike chochote

Tazama sehemu nzima bila kusimamisha, bila kalamu na bila simu mkononi. Ushauri huu unaweza kuonekana kinyume na kazi ya mchambuzi, lakini una sababu. Muswada wa kijasusi umetengenezwa ili umdanganye mtazamaji kwa wakati maalumu na kwa mwendo maalumu, na mtu anayesimamisha picha kila dakika ili kuandika anajiondoa kwenye udanganyifu huo kabla haujamfanyia kazi. Kama hukudanganyika, hutaweza kueleza jinsi udanganyifu ulivyojengwa.

Sehemu ikishamalizika, andika jambo moja tu: nyakati ambazo imani yako juu ya mtu ilibadilika. Usieleze sababu bado. Katika mfano wetu orodha ya mtazamaji makini huwa ndefu kuliko kawaida. Unaanza kumshuku May, kisha unamsamehe. Unamchukia Victoria Hand, kiongozi katika shirika hilo, kisha unagundua kuwa ni mwaminifu. Unampenda John Garrett, rafiki wa zamani wa Coulson, kisha unamwogopa. Na dakika za mwisho kabisa zinakunyang'anya Ward, mtu ambaye hukuwahi hata kufikiria kumweka kwenye orodha. Kugeuka mara nne ndani ya dakika 42 hivi ni mzigo mzito kwa muswada wowote, na swali la mchambuzi ni kama mzigo huo umebebwa kwa haki au kwa ujanja wa bei rahisi.

Daftari la nani anajua nini

Sasa rudia kutazama, safari hii ukiwa na karatasi na ukisimamisha kadiri upendavyo. Gawa ukurasa kwa majina ya wahusika wakuu, na chini ya kila jina andika mambo matatu: anachokijua kwa hakika, anachokisema kwa wengine, na kile ambacho wengine wanaamini kwamba anakijua. Kila habari inapohama, iandike pamoja na dakika iliyohama. Kazi hii inachosha kidogo mwanzoni, lakini ndiyo kiini cha mwongozo huu, na sijaona njia nyingine inayofichua haraka kiasi hicho ustadi au udhaifu wa muswada wa kijasusi.

Anza na May. Sehemu inapofunguka, Coulson amegundua kwamba kuna simu ya siri ndani ya ndege na kwamba May amekuwa akiitumia kutoa taarifa zake nje. Anachokijua May ni kwamba alikuwa akiripoti kwa Nick Fury, mkuu wa shirika, kwa ajili ya kumlinda Coulson. Anachokisema, mwanzoni, ni karibu na kimya, kwa sababu aliahidi kutosema. Wanachokiamini wengine ni kwamba yeye ni msaliti. Tazama pengo lililopo kati ya safu hizo tatu: May hana hatia ya kosa analoshukiwa, lakini ana hatia ya jambo lingine, yaani kumficha rafiki yake ukweli unaohusu mwili na akili yake mwenyewe. Ndiyo maana hasira ya Coulson haipoi hata baada ya ukweli kujulikana. Mchambuzi asiyeweka daftari huandika kwamba "May alishukiwa bure", na hapo anapoteza nusu ya uzito wa maonyesho yao wawili.

Mpe Victoria Hand ukurasa mkubwa. Mwigizaji Saffron Burrows anamwigiza kama mtu baridi, mwenye amri fupi, na kabla ndege ya Coulson haijatua kwenye makao ya shirika yaitwayo Hub, anatoa amri kwamba waliomo ndani wauawe na Coulson aachiwe yeye. Mtazamaji anasikia amri hiyo na papo hapo anamweka upande wa Hydra. Lakini andika anachokijua Hand. Anajua kwamba Hydra imo ndani ya shirika. Anajua kwamba Coulson amekuwa akivunja taratibu, akificha mambo, na kwamba watu wanakufa mikononi mwa kikosi chake kabla ya kuhojiwa. Kutokana na ushahidi alio nao, Coulson ndiye anayefanana na adui. Kwa hiyo ndani ya jengo moja kuna pande mbili za waaminifu, kila moja ikiwa na silaha, kila moja ikiamini kwamba inapambana na Hydra, na Hydra halisi iko katikati yao ikisubiri wamalizane. Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika sehemu hii methali hiyo inageuka kuwa mpango wa vita.

Onyesho ninalolipenda kuliko yote lipo hapa. Simmons na Triplett, ajenti mwingine wa shirika, wanaletwa mbele ya Hand, naye anawaambia kwamba shirika limeanguka, na kwamba wana nafasi moja ya kuapa utiifu kwa Hydra au wafe. Triplett anachagua kupigana. Hand ndipo anapoonyesha kwamba lilikuwa jaribio, kwa sababu katika hali ambayo kila mtu anaweza kuwa adui, njia pekee aliyobaki nayo ya kupata ukweli ni kusema uongo na kutazama mtu anafanya nini. Jiulize, unapoandika kwenye daftari, ni nani mwingine katika sehemu hii anayetumia njia hiyo. Utaona kwamba karibu kila mazungumzo muhimu ni jaribio la namna fulani, na kwamba wanaofaulu ni wale walio tayari kupoteza maisha kabla hawajajua kama wanatazamwa.

Kisha Garrett, anayeigizwa na Bill Paxton. Yeye anaingia kwenye ndege ya Coulson akiwa anashambuliwa, mcheshi, mwenye maneno mengi, rafiki wa zamani aliyeokolewa. Safu ya "anachokisema" imejaa kuliko ya mtu mwingine yeyote, na hilo lenyewe ni ishara. Anafichuka kwamba yuko upande wa Hydra, na kwamba yeye ndiye Mwaguzi, kwa kosa la ulimi: anataja jambo lililompata Coulson ambalo Coulson hakuwahi kumsimulia. Kama umeandika kila habari ilivyohama, utaligundua kosa hilo kwenye karatasi hata kabla ya Coulson kubadilika uso, kwa sababu katika safu ya Garrett kutakuwa na kitu ambacho hakikuingia kwa mlango wowote. Hilo ndilo jaribio bora la daftari lako.

Hapa ndipo filamu inapohitajika. Ongeza jina la mwisho kwenye ukurasa: mtazamaji mwenyewe. Usiku wa tarehe 8 Aprili 2014 kulikuwa na watazamaji wa aina mbili. Aliyetoka kuiona filamu alijua kuhusu Hydra kabla ya Coulson kujua, kwa hiyo alipomwona Skye akifumbua ujumbe uliofichwa kwenye mawasiliano, hakushangazwa na ujumbe bali alikuwa akiogopa kwa niaba ya kikosi. Ambaye hakuiona aligundua pamoja nao. Lakini filamu haikutaja Garrett wala Ward. Yule aliyedhani kwamba ameshajua siri yote alikuwa amepewa nusu tu, na kujiamini kwake ndiko kulikomfanya asitazame mahali panapostahili. Sijui muswada mwingine wa televisheni wa miaka ile uliotumia filamu iliyokuwa bado mpya kwenye sinema kama chambo kwa namna hiyo, na kwangu mimi huo ni ufundi unaostahili heshima zaidi kuliko milipuko yote ya filamu yenyewe.

Nguvu za ajabu zipimwe kwa swali moja

Katika tamthilia ya mashujaa utashawishika kutumia muda mrefu kueleza nguvu na vifaa. Fupisha. Uliza tu: je, nguvu hii inabadilisha nani anajua nini? Kama haibadilishi, itaje kwa sentensi moja na uendelee.

Kwa kipimo hicho, "Turn, Turn, Turn" inatoa jibu la kusisimua. Kwa msimu karibu mzima tumeambiwa kwamba Mwaguzi anaona mambo kwa nguvu isiyo ya kawaida, na kikosi kimekuwa kikimtafuta miongoni mwa watu wanaodhaniwa kuwa na vipaji vya aina hiyo. Ukweli ni kwamba Mwaguzi ni Garrett, na Garrett hana kipaji chochote cha namna hiyo. Ana cheo cha juu kinachomruhusu kufungua faili za siri. Aliyajua mambo ya watu kwa sababu shirika lenyewe lilikuwa limeyaandika na kuyahifadhi, na yeye alikuwa na ruhusa ya kuyasoma. Waandishi wamechukua kitu kilichoonekana kuwa cha ulimwengu wa mashujaa na kukirudisha kwenye ulimwengu wa majasusi, na ukiweza kuonyesha hilo kwa mifano miwili au mitatu kutoka sehemu za nyuma, tayari una uchambuzi.

Muundo wa dakika 42

Sehemu ya saa moja katika kituo cha biashara nchini Marekani hubaki na takriban dakika 42 matangazo yakiondolewa, na hugawanywa katika vipande ambavyo kila kimoja humalizika kwa jambo la kumzuia mtazamaji asiondoke. Hata ukitazama kwa mtandao bila matangazo, mishono hiyo inaonekana: picha inakuwa nyeusi kwa nukta chache. Iandike yote. Kisha angalia kila mshono unaahidi nini, na ahadi hiyo inatimizwa baada ya muda gani.

Linganisha pia mishono hiyo na ile orodha ya nyakati ambazo imani yako ilibadilika. Mara nyingi zitakutana, jambo ambalo ni la kawaida na wala si la kusifiwa sana. La kutafuta ni badiliko ambalo halikuwekwa kwenye mshono. Usaliti wa Ward unakuja mwishoni kabisa, baada ya kisa kuonekana kimefungwa: Garrett amekamatwa, Hand na Coulson wamepatana, waliosalimika wanahesabu vituo vilivyobaki. Ward anapanda ndege pamoja na Hand kumpeleka Garrett gerezani. Hand, akiamini kwamba anampa kijana huyu nafasi ya kulipiza kisasi, anamdokezea kwamba anaweza kummaliza mfungwa. Ward anawapiga risasi walinzi, kisha Hand mwenyewe. Mtazamaji alikuwa ameshalegeza mwili, na ndiyo maana pigo linaingia.

Nyuso na sauti

Chagua maonyesho mawili na uyatazame tena ukiwa umezima sauti. Usifanye hivyo kwa sehemu nzima, mawili yanatosha. Nakushauri uchague lile la Coulson akitambua kosa la Garrett na lile la mwisho ndani ya ndege. Ukiwa huna maneno ya kukuongoza, utaona mwongozaji, Vincent Misiano, anaiweka kamera kwa nani wakati mtu mwingine anaongea. Katika hadithi ya ujasusi msikilizaji ana uzito kuliko msemaji, kwa sababu uso wa anayesikia ndio unaoonyesha habari ikiingia, au ikizuiwa isionekane imeingia.

Kwa Ward, anayeigizwa na Brett Dalton, angalia utulivu. Msimu mzima amekuwa mtu mgumu wa uso, na baadhi ya watazamaji walilalamika kwamba mhusika huyo hana ladha. Baada ya sehemu hii ugumu uleule unasomeka upya kama uso wa mtu aliyekuwa kazini muda wote. Siwezi kusema kwamba kila dakika ya ugumu huo ilipangwa hivyo tangu mwanzo, lakini unasimama vizuri, na mchambuzi anahukumu kilichopo kwenye kioo.

Rudi nyuma upime haki

Msaliti anapofichuliwa, mwandishi wa uchambuzi ana wajibu wa kurudi kwenye sehemu za nyuma na kuuliza kama mtazamaji alitendewa haki. Kipimo ni hiki: matendo ya msaliti kabla ya kufichuliwa yawe na maana mbili, na zote mbili zikamilike. Tukio la Ward kumpiga risasi mtuhumiwa katika sehemu ya 16 linafaulu vizuri sana. Mara ya kwanza unaona mtu aliyezidiwa na hasira kwa sababu mwenzake Skye aliumizwa. Mara ya pili unaona mtu anayeziba mdomo wa kibaraka kabla hajaulizwa swali. Hakuna fremu hata moja inayohitaji kubadilishwa.

Kuna matukio magumu zaidi. Katika "FZZT", sehemu ya 6, Ward anaruka kutoka kwenye ndege ili kumwokoa Simmons anayeanguka. Je, jasusi wa adui angefanya hivyo? Usikimbilie jibu la haraka kwamba alikuwa akijenga imani yao. Inawezekana pia kwamba alimjali kweli, na kwamba utiifu wake kwa Garrett, aliyemfundisha kazi, haukufuta hisia nyingine bali ulikaa juu yake. Tamthilia yenyewe inarudi kwenye swali hilo baadaye, na uchambuzi wako utakuwa mzuri zaidi ukiliacha wazi kuliko ukilifunga kwa neno moja.

Kipimo cha haki kifanye kazi hata pale usipopenda matokeo. Mimi naiheshimu sana sehemu hii, lakini kosa la ulimi la Garrett linanisumbua. Mtu aliyeishi miaka mingi katikati ya maadui bila kuteleza anateleza mbele ya rafiki anayemfahamu kuliko wote, tena wakati muswada unapohitaji ateleze. Amri ya Hand ya kuua watu wote ndani ya ndege isipokuwa Coulson nayo inaegemea upande wa kumdanganya mtazamaji kuliko upande wa akili ya mhusika. Kiongozi makini kama yeye angetaka angalau mmoja wao awe hai ahojiwe. Yaandike mambo kama hayo bila woga, na uyaandike ukieleza gharama yake kwa kisa. Hapa gharama ni ndogo katika suala la Hand, kwa sababu jaribio lake kwa Simmons na Triplett linafidia. Katika suala la Garrett ni kubwa kidogo.

Kuandika uchambuzi wenyewe

Kwa sasa una orodha ya imani zilizobadilika, daftari la habari, mishono ya muundo, na hukumu juu ya haki. Usijaribu kuyaingiza yote. Chagua dai moja linaloweza kupingwa, kisha utumie yale tu yanayolisaidia. "Ni sehemu nzuri yenye mshangao" si dai, kwa sababu hakuna anayeweza kulipinga wala kulithibitisha. "Katika sehemu hii adui hashindi kwa nguvu bali kwa kuwaacha waaminifu wawe na nusu ya ukweli" ni dai, na ukurasa wa Victoria Hand peke yake unaweza kulibeba.

Simulizi ya kisa iwe fupi, na iwe ndani ya hoja. Badala ya aya tatu za "kisha akaenda, kisha akasema", andika hivi: Hand anapowatishia Simmons na Triplett kwa jina la Hydra, anafanya kwa makusudi kile ambacho Hydra imekuwa ikifanya kwa siri, yaani kutumia uongo kupima utiifu, tofauti ni kwamba yeye anaufichua uongo wake mara tu anapopata jibu. Msomaji aliyeitazama sehemu hiyo atalikumbuka onyesho, na asiyeitazama ataelewa vya kutosha, wakati huohuo hoja imesonga mbele.

Tumia wakati uliopo unapoeleza matukio ya kisa, na wakati uliopita unapoeleza historia ya utengenezaji, kwa mfano kwamba Jed Whedon na Maurissa Tancharoen, ambao pia ni miongoni mwa waanzilishi wa tamthilia hii, ndio waliouandika muswada. Majina ya watu na ya sehemu yanakiliwe kutoka kwenye majina yanayoonekana kwenye kioo. Ukinukuu mazungumzo, rudi usikilize tena neno kwa neno, kwa sababu kumbukumbu huwa inaboresha sentensi za wahusika. Kama unafichua mwisho, sema hivyo mapema na waziwazi, kisha uandike kwa uhuru. Uchambuzi unaokwepa mwisho wa hadithi ya usaliti hauna cha kuchambua.

Ukimaliza, mpe mtu ambaye hajaitazama sehemu hiyo asome na umwombe akuambie nani alijua nini katika onyesho ulilolitegemea. Akikosea, onyesho hilo liandike upya.

Kwa zoezi linalofuata, chagua "Self Control", sehemu ya 15 ya msimu wa nne, iliyorushwa tarehe 21 Februari 2017, ambayo Jed Whedon aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Fitz na Simmons wamo katika maabara, na wanajua kwamba mmoja wao si binadamu bali ni roboti iliyotengenezwa kwa sura na kumbukumbu za mwenziwe. Andaa kurasa mbili tu safari hii, moja kwa kila mmoja, na kabla ya onyesho kumalizika simamisha picha, usome safu zako, na uandike jina la yule unayeamini kuwa ni roboti pamoja na sababu moja iliyotoka kwenye daftari.